Mlima Ukianza Kusogea: Mwongozo wa Kuandaa Avenyu Yako kwa Maporomoko ya Ardhi, Bukavu

Mvua Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, huanza Septemba na kuisha Mei. Kazi nyingi zilizo katika mwongozo huu zinafanywa kati ya Juni na Agosti, udongo ukiwa mkavu, nyufa zikionekana wazi, na watu wakiwa na muda wa kukutana bila kukimbizwa na wingu. Avenyu (mtaa mdogo wa mji) inayosubiri Novemba ndipo ianze kujadiliana nani atamwamsha nani usiku, imechelewa.

Mwongozo huu ni wa wakaaji wa kawaida: chefu (kiongozi) wa avenyu, viongozi wa nyumba kumi, akina mama wa kikundi cha akiba, vijana wa salongo, yaani kazi ya pamoja ya Jumamosi. Hauhitaji mashine. Unahitaji daftari, kamba, filimbi, mabeleshi, na watu wasiozidi kumi na wawili waliokubali kubeba jukumu. Nimeuandika nikifikiria zaidi sehemu ya mji iitwayo Kadutu, yaani Nyamugo, Nkafu, Cimpunda, Kasali na Funu, lakini wa Panzi na wa Bagira watajikuta humo pia.

Kwanza: jueni mnaishi kwenye mteremko wa aina gani

Watu wengi wakisikia maporomoko wanafikiri jambo moja. Hapa kwetu kuna mambo matatu, na kila moja linataka maandalizi yake.

La kwanza ni mlima unaosogea polepole. Mfano mkubwa ni Funu. Kipande kizima cha mlima, chenye makumi ya maelfu ya watu juu yake, kinateremka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Wanasayansi wamekifuatilia kwa picha za ndege za tangu zama za ukoloni na kwa satelaiti za siku hizi, wakaona kwamba kukua kwa mji kwenyewe kumeongeza mwendo wa baadhi ya sehemu, kwa sababu nyumba, barabara na mabomba yamebadilisha njia ya maji kuingia ardhini. Mlima wa namna hii hauui mara moja. Unavunja kuta, unapinda milango, unakata mabomba, na bomba lililokatika linaulisha maji zaidi. Hatari yake kubwa ni kwamba tunauzoea.

La pili ni ukingo unaokatika ghafla. Mtu amechimba mteremko ili apate uwanja wa nyumba, akaacha ukuta wa udongo wima nyuma ya chumba cha kulala. Mvua ikinyesha usiku kucha, ukuta ule unaangukia kitanda. Hapa hakuna mlima mkubwa unaohusika. Mita 3 au 4 za udongo mwekundu zinatosha kufunika familia. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatari inayodharauliwa kuliko zote mjini, na ndiyo rahisi kuliko zote kuipunguza.

La tatu ni tope linaloshuka na mto. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, kaskazini mwa Bukavu, mito ilijaa maji, mawe na miti kutoka milimani na kupita katikati ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa na wengine wengi mno hawakuonekana tena. Mjini kwetu, mabonde ya mito midogo kama Kahuwa na Wesha yamejengwa hadi ukingoni. Anayeishi bondeni asiangalie mvua ya juu ya bati lake tu, kwa maana maji yanayomjia yamenyesha kwingine.

Pili: tembeeni avenyu nzima, kwa miguu, toka juu hadi chini

Chagueni Jumamosi moja ya Juni. Anzeni kule juu kabisa, hata kama ni nje ya avenyu yenu, kwa sababu mteremko hauheshimu mipaka ya kartie (mtaa wenye avenyu nyingi). Mchukueni mzee mmoja au mama mmoja aliyeishi hapo muda mrefu kuliko wote. Mwulizeni kwa heshima: Mzee, maji yalikuwa yanapita wapi zamani? Chemchemi ilikuwa wapi? Nyumba ipi ilianguka na tukajenga nyingine palepale? Majibu yake yanaweza kuwa na thamani kuliko ramani yoyote mtakayoipata.

Mnatafuta nini? Nyufa ardhini, hasa zile zinazopinda kama upinde na kufuata ukingo wa juu wa mteremko. Miti, nguzo za umeme na kuta za uzio zilizoinama upande mmoja. Milango na madirisha ambayo yalikuwa yakifunga vizuri, sasa yanakwama. Ngazi za saruji zilizoachana na nyumba. Chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, au chemchemi ya zamani iliyokauka ghafla au kuanza kutoa maji ya tope. Ardhi iliyovimba chini ya mteremko. Bomba linalovuja kila mara mahali palepale hata baada ya kutengenezwa: fundi akirudi mara ya tatu kwenye kiungo kilekile, huenda tatizo si bomba, ni ardhi inayolivuta.

Chorani yote kwenye karatasi moja kubwa. Nyumba kwa kalamu ya kawaida, njia za maji kwa buluu, nyufa na kingo zilizochimbwa kwa nyekundu. Msijali uzuri wa mchoro. Cha maana ni kwamba kila mwenye parseli (kiwanja) aione nyumba yake ilipo kati ya rangi hizo, na mtu asiaibishwe. Ukimwambia mtu mbele ya wenzake kwamba nyumba aliyoijenga kwa jasho ni kaburi, hatarudi mkutanoni. Mwendee nyumbani kwake, kaeni, mwonyeshe ufa, mpimie mbele ya macho yake.

Tatu: pimeni, msitegemee macho

Jicho linasahau. Ufa uliouona Septemba utakuwa umeuzoea Januari. Kwa hiyo, kwa kila ufa mkubwa wa ardhini, pigilieni vigingi viwili vya chuma, kimoja kila upande, kama mita 1 kutoka kimoja hadi kingine. Tieni alama juu ya kila kigingi na mpime kati ya alama kwa mita ya fundi. Andikeni tarehe na kipimo. Kwenye ufa wa ukuta wa nyumba, pakeni kiraka chembamba cha saruji kinachovuka ufa na mwandike tarehe juu yake. Kikipasuka, mnajua ukuta umesogea baada ya siku hiyo.

Pimeni kila Jumamosi ya salongo, na kila baada ya mvua kubwa. Baada ya tetemeko la ardhi vilevile. Tuko kwenye bonde la ufa, na waliokuwapo tarehe 3 Februari 2008 wanakumbuka jinsi mji ulivyotikiswa. Mteremko uliotikiswa unaweza kuonekana mzima na huku umelegea ndani.

Jambo la kuangalia kwenye daftari ni kasi kuliko ukubwa. Ufa unaofunguka milimita 2 kila mwezi kwa miaka ni tatizo la kupanga kuhama. Ufa uliofunguka milimita 2 wiki hii, 6 wiki ijayo, 20 inayofuata, ni tatizo la usiku wa leo. Udongo unaoelekea kukatika mara nyingi huongeza mwendo kwanza.

Kipimo cha mvua nacho ni rahisi. Chukua chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, kata sehemu ya juu, igeuze mdomo chini, uirudishe juu ya chupa iwe kama mrija wa kuingizia maji. Jaza maji kidogo chini mpaka pale kuta zinapoanza kunyooka, weka alama ya sifuri, kisha bandika rula. Iweke mahali wazi, mbali na paa na miti. Someni kila siku saa moja asubuhi, andikeni milimita, kisha rudisheni maji kwenye sifuri. Mwanafunzi wa sekondari anaiweza kazi hii na ataifanya kwa fahari. Baada ya msimu mmoja daftari litawaambia kitu ambacho hakuna mgeni anaweza kuwaambia: mvua ya kiasi gani, na ya siku ngapi mfululizo, ndiyo huufanya ufa wenu ufunguke. Siku mfululizo zina uzito. Mvua kubwa inayokuta udongo mkavu mara nyingi inapita juu yake. Mvua ya wastani inayokuja baada ya juma zima la kunyesha inakuta udongo umeshiba, hauna tena pa kuyaweka maji.

Nne: yaondoeni maji

Hapa ndipo nguvu ya salongo inapotakiwa kwenda karibu yote. Fanyeni hesabu hii mbele ya watu, maana inawageuza kuliko hotuba. Bati la nyumba ya mita 6 kwa 8 ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 30 juu yake ni lita 1,440, yaani bidoni 72 za lita 20. Nyumba 40 kwenye mteremko mmoja ni lita 57,600 kwa mvua moja. Maji hayo yote yakimwagwa nyuma ya nyumba, yanaingia wapi?

Kila nyumba iwe na mfereji wa bati pembeni mwa paa na pipa au tangi la kupokea maji. Maji ya ziada yaende kwenye kanivo, yaani mfereji wa maji uliojengwa kwa mawe na saruji, si kwenye mtaro wa udongo unaochimbika zaidi kila mvua. Kanivo iteremke hadi mahali salama. Kuishia juu ya paa la jirani wa chini ni kuhamisha kifo tu. Nyufa za ardhini zizibeni kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha funikeni kwa plastiki nene iliyozuiwa kwa mawe, maji yasipate mlango wa kuingia ndani ya mlima. Bomba linalovuja liripotiwe siku hiyohiyo, na kama fundi hajafika, chepusheni maji yake kwa mrija mpaka kwenye kanivo.

Taka ndizo adui mkubwa wa kanivo zetu. Mfuko mmoja wa plastiki unashika majani, majani yanashika matope, na maji yanaruka nje na kuchimba msingi wa nyumba ya kwanza yanayoikuta. Kila nyumba kumi zichukue kipande cha kanivo na zikisafishe kila Jumamosi, na kwa mara ya ziada kila mvua inapokaribia.

Kuhusu ukingo uliochimbwa nyuma ya nyumba: usiuchimbe zaidi chini. Kila ukipunguza mguu wa mteremko unaondoa kinachoushikilia. Ukiweza, punguza juu, uulaze, upande majani yenye mizizi mirefu kama vetiveri, au mianzi pale penye nafasi. Ukuta wa mawe ni mzuri ukiwa na matundu ya kutolea maji. Bila matundu, maji yanajikusanya nyuma yake mpaka unaanguka wote kwa pamoja, na hapo unakuwa mbaya kuliko udongo mtupu. Kama hakuna pesa hata ya jiwe moja, bado kuna jambo la bure kabisa: hamisheni vitanda. Watoto walale chumba kilicho mbali na ukingo msimu wote wa mvua, na chumba cha nyuma kiwe stoo.

Tano: kubalianeni mapema lini mtatoka

Waelekezi wa milima ya theluji huko Ulaya wana desturi ambayo tunapaswa kuichukua. Kabla hawajatoka nyumbani, wanakubaliana ni dalili zipi zikionekana watageuka na kurudi, kwa sababu wanajua kwamba mtu akishafika mteremkoni, hamu ya kuendelea na aibu ya kuonekana mwoga hupofusha akili. Kwetu mvua ya usiku inafanya vivyo hivyo: kitanda kina joto, watoto wamelala, nje kuna wezi na matope. Usiku huo si wakati wa mjadala. Uamuzi uwe umeshafanywa mwezi wa Agosti, umeandikwa na kusomwa kwa sauti kanisani, msikitini na kwenye kikundi cha akina mama.

Napendekeza ngazi tatu. Ya kwanza: mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Wapimaji wanapima nyufa kila siku, tochi na simu zinachajiwa, nyaraka za nyumba na kadi za kliniki zinawekwa kwenye mfuko mmoja wa plastiki mlangoni. Ya pili: ufa umefunguka zaidi ya kawaida yake, au daftari linaonyesha kiasi cha mvua kilichowahi kuufungua. Nyumba zilizochorwa nyekundu zinalala kwa jamaa au kwenye jengo mlilokubaliana, kabla ya giza. Ya tatu: mlango umekwama ghafla, ukuta unatoa mlio, miti inalia na kuvunjika, chemchemi imegeuka tope, au mto umepungua maji ghafla huku mvua inaendelea. Hilo la mwisho watu hulifurahia kimakosa. Mto ukipungua wakati wa mvua, huenda udongo umeuziba juu, na ukipasuka utakuja wote. Kwenye ngazi ya tatu, wote wanatoka mara moja, bila kubeba kitu.

Mtu yeyote, hata mtoto wa miaka kumi, awe na ruhusa ya kutoa ishara ya ngazi ya tatu. Na mtu asikemewe kama mlima haukuanguka. Usiku mmoja wa kulala vibaya kwa jamaa unalipika.

Sita: ishara, njia, na mazoezi

Mvua juu ya mabati ina kelele nyingi, na simu zinaweza kukosa mtandao. Filimbi inasikika vizuri kuliko sauti ya mtu. Kubalianeni mpigo mmoja tu, kwa mfano mitatu mirefu, pumziko, mitatu tena. Hata hivyo msiitegemee peke yake. Kila nyumba kumi ziwe na watu wawili wa kugonga milango, na wawe na maneno mafupi waliyoyazoea: «Mama, amka, tunatoka sasa, leta watoto.» Wasieleze, wasisubiri jibu refu. Wazee, wajawazito, wagonjwa na wenye ulemavu, kila mmoja apewe kijana wake kwa jina, na mbadala wa kijana huyo.

Njia ya kutokea iende kando ya mteremko, si chini kuufuata. Udongo unaoshuka unakimbia kuliko wewe. Isipite kwenye bonde la mto wala chini ya ukingo uliochimbwa wala chini ya nguzo iliyoinama. Mkiwa bondeni na mkasikia ngurumo kama ya magari mazito inayotoka juu, pandeni upande ulio karibu zaidi na msivuke mto hata kama daraja linaonekana zima.

Fanyeni zoezi mara mbili: moja mchana, Agosti, watu wajifunze njia; lingine saa mbili usiku, Septemba, bila umeme. Pimeni muda tangu filimbi ya kwanza mpaka mtu wa mwisho amefika na kuhesabiwa. La usiku ndilo litakalowaonyesha ngazi iliyovunjika, mbwa aliyefungwa njiani, lango lenye kufuli ambalo mwenye ufunguo amelala. Rekebisheni, rudieni.

Halafu kuna daftari la wanaolala. Kila nyumba iandike idadi na majina ya wanaolala humo, na chumba gani. Mgeni akija kulala, aongezwe. Usiku wa balaa daftari hili ndilo linalosema kama mchimbe au kama aliyetafutwa amelala Panzi kwa shangazi.

Saba: kama mtu amefunikwa

Wale waelekezi wa milima ya theluji wanajua kwamba aliyefunikwa na theluji ana nafasi kubwa ya kupona akitolewa ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano za kwanza. Baada ya hapo nafasi inashuka haraka sana. Udongo ni mzito kuliko theluji na haupitishi hewa vizuri, kwa hiyo sisi hatuna muda zaidi yao. Msaada wa kutoka mbali utakuja, na uitwe mara moja, lakini watakaomkuta akiwa hai karibu siku zote ni majirani wenye mabeleshi.

Mmoja aongoze, awe mtulivu, si lazima awe chefu. Kabla ya kukimbilia, mmoja asimame pembeni, juu, mahali salama, na tochi na filimbi, akiangalia mteremko. Maporomoko ya pili hufuata ya kwanza mara nyingi na huwaua waokoaji. Akipuliza, wote wanatoka pembeni bila kuuliza. Mwingine ahakikishe nyaya za umeme zilizoanguka hazikanyagwi wala kuguswa, na maji yaliyozizunguka pia. Babula (jiko la makaa) lenye moto chini ya mbao inaweza kuwasha moto, ikumbukwe.

Mwulizeni aliyeshuhudia: mara ya mwisho umemwona wapi? Wekeni kijiti pale. Nyumba ikisukumwa na udongo, vitu husogea upande wa chini, kwa hiyo tafuteni kuanzia kijiti hicho kushuka, mkiangalia nguo, godoro, mbao za chumba chake. Kila dakika chache kiongozi ainue mkono, wote wanyamaze, waite jina na kusikiliza.

Mkimpata, msichimbe toka juu yake mkimkanyaga. Ingieni kwa pembeni, upande wa chini, mchimbaji wa mbele akichoka anabadilishwa, wa nyuma wanaondoa udongo. Karibu na mwili acheni beleshi, tumieni mikono. Kichwa kwanza: toeni udongo mdomoni na puani, kisha fungueni kifua kipate nafasi ya kupumua, ndipo mengine. Msimvute kwa mkono au mguu. Shingo na mgongo vinaweza kuwa vimeumia, na alazwe juu ya mlango au ubao, kichwa kikishikwa kisitingishike. Asipopumua, anayejua aanze kumpulizia na kumkandamiza kifua palepale. Msalaba Mwekundu umekuwa ukifundisha huduma ya kwanza. Tumeni vijana wawili wa avenyu wakajifunze kabla ya Septemba. Mtu aliyebanwa mguu au paja na kitu kizito kwa zaidi ya saa moja, mpeni hewa, mfunikeni blanketi, mzungumzishe, na muulize daktari kwa simu kabla ya kuondoa kilichombana, kwa sababu damu iliyoharibika inaporudi mwilini ghafla inaweza kusimamisha moyo. Ila kama mteremko unaendelea kushuka au hawezi kupumua, mtoeni. Aliyetoka, hata kama anasema mzima, apelekwe kituo cha afya.

Nane: asubuhi yake

Kishawishi kikubwa ni kurudi kuchukua bati, godoro na sufuria. Asirudi mtu mpaka mvua imekatika na vigingi vimepimwa mara mbili, asubuhi na jioni, bila kusogea. Hata hapo waingie wawili wawili, mchana, mlinzi akiwa juu na filimbi. Nyumba iliyopasuka msingi isilaliwe. Safisheni kanivo kabla ya kitu kingine, maana mvua inayofuata haisubiri matanga yaishe, kisha wekeni vigingi vipya kwenye nyufa mpya na muandike tarehe.